Mpaka Tumbaku Iingie Ghalani

Inver Grove Heights, Minnesota
12 Septemba 2004

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Dada Avelina anakusomea hii, nawe umeshamwambia asome polepole na asiruke kitu. Dada, usiruke.

La kwanza ulilouliza: mtoto yupo. Huu ni mwezi wa nne. Daktari amesikiliza moyo wake, unapiga vizuri. Humphrey yuko barabarani na lori lake, wiki hii kapeleka nyama Texas. Akirudi analala siku nzima, halafu anaondoka tena. Tunaishi na Peris, yule Mkenya muuguzi niliyekueleza. Yeye ndiye ananipikia, na nisipokula ananisimanga. Mngepatana sana, maana maneno yenu yametoka chungu kimoja.

La pili ni kazi. Ile ya kubeba maboksi kule Shakopee daktari ameikataza. Sasa nimepata ya kukaa. Kuna bibi mmoja wa Saint Paul, Bi Constance, ana masanduku ya madaftari ya babu wa babu zake. Huyo babu alikuwa na shamba la tumbaku Virginia, enzi Marekani ikiwa bado koloni la Waingereza. Bi Constance anataka yote yapigwe chapa kwenye kompyuta kabla hajayakabidhi maktaba. Mwandiko wa kale unasumbua, ila historia niliisomea, nimeuzoea.

Babu mwenyewe aliitwa Rusk. Kila siku ya Mungu aliandika, miaka nenda rudi. Kaamka lini, kasali au hakusali, upepo unatoka wapi, kala nini, jino linamuuma kiasi gani. Mama, jino la mtu huyu. Halafu mstari huohuo, bila hata kuvuta pumzi: nani kachapwa, nani mgonjwa, nani kafa. Sikiliza ya mwezi wa tano, mwaka 1743: "Mvua ndogo. Tumepanda miche ya tumbaku shamba la juu. Jupiter amekufa. Jino linaniuma. Nimekula bata." Huyo Jupiter alikuwa mtu, mtumwa wake wa miaka mingi, na bata kaandikwa baada yake kama ndiye wa ukoo. Nilimwambia Bi Constance nahitaji maji, nikaenda kukaa jikoni kwake.

Yuko mtumwa mmoja ninayemfuatilia, anaitwa Phibby. Kazi yake ni kufua, na kutoa wadudu kwenye majani ya tumbaku. Naye ana mimba.

Goti linaendeleaje? Usimtume Dada aniambie hujambo. Niambie mwenyewe.

Mwanao,
Ikupa


Kyimo, Tukuyu
3 Oktoba 2004

Ikupa,

Marahaba. Barua nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza Avelina aliruka, nilimwona macho yanavyokimbia. (Sikuruka. Avelina.)

Goti linauma. Umeuliza, basi sikia. Ni hili la kushoto. Linaanza mvua inapoteremka kutoka mlima Rungwe, haliachi mpaka nimekandwa kwa maji ya moto. Dawa za hospitali nimekunywa, ni chaki tupu.

Sasa wewe. Ile picha uliyotuma, shingoni umevaa nini? Hakuna kitu. Nchi ya barafu, mtu ana mimba, shingo wazi. Na mume haonekani nyumbani, akionekana analala, nawe unaniandikia kana kwamba ni habari njema. Mwambie nimesema lori halizai. Na acheni kuniwekea simu sikioni, masikio yangu ni mazito, nasikia mbu tu. Andika. Barua nikisomewa leo, kesho nasomewa tena.

Huyo Mzungu wa jino hanishangazi. Baba yako alifanya kazi ya tumbaku Chunya kabla hujazaliwa, nami nilikata majani. Nayajua, mikono inanata mpaka chakula kinanuka. Tumbaku haimngojei mtu. Ukifiwa msimu wa kukata, bwana shamba anakununia wewe, si kifo. Ila huyo Phibby, mama yake yuko wapi? Mwenye mimba ana mama mahali. Tafuta kwenye hayo madaftari uniambie.

Jina la mtoto nitatoa mimi. Msikimbilie majina ya televisheni.

Funga shingo.

Mama yako
(Nimeandika neno kwa neno kama alivyotamka. Hata la lori. Avelina.)


Barua pepe, Mbeya mjini
25 Oktoba 2004

Dada Peris,

Hatujaonana. Mimi ni Avelina, dada yake Ikupa. Anwani yako nimepewa na Humphrey. Naomba uisome hii ukiwa peke yako, ukimaliza uifute.

Mama yetu amefariki Jumatano iliyopita. Tumemzika Ijumaa.

Ikupa asiambiwe. Si neno langu peke yangu, wamekaa kaka yetu Ambakisye, wajomba na mchungaji. Miaka mitatu iliyopita, Baba alipofariki, tulimpigia Ikupa simu tukamwambia palepale. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Wiki haikuisha, mimba ikatoka. Labda ingetoka tu, nani ajuaye, lakini kwetu mwenye mimba habebeshwi msiba, na safari ile tulimbebesha. Hatutarudia. Humphrey ameambiwa, amekubali.

Akishajifungua salama, watu wake wa huko mtakusanyika, mtamkalisha, mtamwambia akiwa ameshikwa mikono. Mpaka siku hiyo barua za Mama zitaendelea kuja. Zote ziliandikwa kwa mkono wangu tangu mwanzo, hataona tofauti. Wewe nakuomba ulinde simu, na uongee na watu wa kanisani kwenu, maana habari zetu Watanzania zina miguu.

Samahani kukutwika mzigo wa ukoo usio wako.

Avelina


Barua pepe, Inver Grove Heights
28 Oktoba 2004

Dada Avelina,

Pole. Pole sana. Nilisoma email yako nikiwa break, nikaenda kukaa kwa choo ya wageni mpaka wakanitafuta.

Wacha niseme yangu kwanza, halafu nitafanya vile mnataka. Mimi ni nurse. Huku kazini mtu akienda tunaambia watu wake siku hiyo hiyo, ni haki yao. Hata kwetu Kitale tungemwambia, tukae na yeye, tulie, chai ipikwe. Hii ya kungoja miezi minne siijui. Mimi naishi na yeye nyumba moja. Jana ameniuliza, "Peris, barua ya Mama si imechelewa?" nikiwa nimeshika sufuria. Nikamwambia posta ya Tanzania ni kama ya Kenya. Uongo wa kwanza huo, na ni Alhamisi tu.

Lakini hiyo mimba ingine naijua. Picha ya scan bado ameiweka ndani ya Biblia, amenionyesha. Kwa hivyo sitaki kuwa ule mtu alisema. Nimekubali. Nimeongea na Wairimu, kiongozi wa wamama wa kanisa, amewafunga wote midomo. Siku mambo itaharibika, msisahau niliwaambia.

Peris


Inver Grove Heights
14 Novemba 2004

Mama,

Shikamoo. Shingo nimefunga. Peris kaninunulia skafu nene, nikiivaa siwezi kugeuka, lazima nigeuke mzima mzima. Theluji ya kwanza imeanguka, na ule mto Mississippi pembeni mwetu umeanza kuganda kingoni.

Nimemtafuta mama yake Phibby kama ulivyoagiza. Yupo. Anaitwa Moll, ni mzee, Rusk amemweka shamba la chini, ng'ambo ya mto, awachungie watoto wa watumwa wengine. Phibby anaruhusiwa kuvuka Jumapili moja moja, nyapara akiamka vizuri. Rusk anaandika: "Phibby amevuka kwenda kwa mama yake, amerudi na boga." Naona umeridhika sasa.

Kingine kitakuchekesha. Mwezi wa nane Rusk alishikwa na homa kali, akalala hoi. Lakini madaftari hayakusimama. Mpwa wake aliyaendeleza, tena kwa kujifanya ni yeye: "Nimeamka, nimesali, nimekagua shamba." Mwandiko kauiga barabara, Bi Constance mwenyewe hakujua miaka yote hiyo. Mimi nimemkamata. Unajua kwa nini? Ukurasa baada ya ukurasa hakuna jino. Anasali kila siku, hamkaripii mtu, chakula chote kitamu. Nikasema huyu siye, mtu haponi tabia kwa homa. Baadaye nikakuta barua ya mpwa imebanwa kwenye jalada, inathibitisha. Bi Constance alinikumbatia.

Mtoto anapiga teke nikila pilipili. Wamama wa kanisa wamenipenda ghafla. Jumapili Wairimu alinishika mkono mpaka nikafikiri amesahau kuuachia.

Goti je? Na jina umeshapata?

Ikupa


Kyimo, Tukuyu
5 Desemba 2004

Mwanangu mpenzi Ikupa,

Marahaba mwanangu. Sisi huku hatujambo kabisa, tunamshukuru Mungu. Mvua ni nzuri, migomba imestawi. Nimefurahi sana kusikia umefunga shingo. Wewe ni mtoto msikivu na nakuombea asubuhi na jioni.

Usijichoshe na kazi. Pumzika, kula vizuri, sikiliza daktari. Mpe Humphrey salamu zangu nyingi, ni mume mwema anayejitahidi kwa ajili ya familia yake. Na Dada Peris umwambie asante kwa wema wake.

Hadithi ya yule mpwa wa Mzungu imenifurahisha. Umefanya kazi nzuri.

Kuhusu jina, mtoto mwiteni mtakavyopenda ninyi wazazi. Jina lolote kutoka kwenu litakuwa na baraka.

Nakupenda sana, mwanangu. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Mama yako


Barua pepe, Inver Grove Heights
9 Januari 2005

Dada Avelina,

Niko na wasiwasi. Tangu ile barua ya mwisho ifike kabla ya Krismasi, Ikupa amenyamaza. Haulizi posta. Haulizi simu. Anaenda kwa yule mama Mzungu, ana-type, anarudi, anakula, anasema asante. Huyu mtu tulikuwa tunapigania rimoti.

Wamama wa kanisa nao wamezidisha. Jumapili wameleta sufuria tatu, pilau, ndizi, kuku wa kukaanga. Ikupa akafungua vifuniko moja moja, akauliza, "Nani amefiwa?" Akacheka. Mimi nikajifanya natafuta sahani. Kugeuka, napata ananiangalia tu, hacheki.

Sijasema kitu. Naapa. Lakini mimi si mtu wa kuficha, uso wangu unaongea peke yake.

Peris


Inver Grove Heights
16 Januari 2005

Mama,

Nimefika Septemba ya 1743. Tumbaku imeiva na mikono ni michache, Rusk kapona, ila homa yake imelaza na watumwa wengi. Phibby mimba yake ni kubwa, ila anakata na wenzake. Nakunukulia.

"Upepo wa kaskazini. Moll amekufa shamba la chini. Nimeamuru Phibby asiambiwe mpaka tumbaku iingie ghalani. Jino limetulia."

Halafu: "Jua kali. Phibby amekata vizuri leo."

Halafu: "Phibby ameomba kuvuka mto Jumapili kwenda kwa mama yake. Nimemkatalia. Amemtumia boga kwa mkono wa nyapara."

Boga nyapara alilipokea, Mama. Alilipeleka wapi?

Mwisho wa mwezi: "Tumbaku yote imeingia. Phibby ameambiwa. Amelia, hakufua. Nimemsamehe kwa siku ya leo."

Nilipofika hapo nilizima kompyuta, nikamwomba Bi Constance ruhusa. Nilitembea mpaka kituo cha basi kwa miguu, polepole, na hili tumbo. Rusk simwazii tena. Nawawaza wale waliokuwa wanakata mstari mmoja na Phibby. Walijua wote. Walimtazamaje akiwasimulia boga alilomchagulia mama yake? Nadhani walimpunguzia kazi. Nadhani walimletea chakula.

Sina swali safari hii. Goti sikuulizi.

Ikupa


Barua pepe, Mbeya mjini
4 Februari 2005

Dada Peris,

Nimepata barua yake ya Januari. Nimekaa nayo mezani siku kadhaa, najaribu kumjibu kama Mama, kalamu haiendi. Nimemwonyesha kaka Ambakisye. Amesema ni mambo ya kazi yake tu, ya Wazungu wa zamani, nisitie maneno yangu. Kaka hakumbuki vizuri Mama alivyokuwa akiongea, yeye alikuwa anapelekewa salamu tu.

Niambie, anajua?

Avelina


Barua pepe, Inver Grove Heights
20 Februari 2005

Dada Avelina,

Mtoto amefika. Msichana, Jumapili iliyopita. Mzima, mama mzima, analia kama anadai kitu. Humphrey aliwahi, alimshika wa kwanza. Najua kaka yako ameshapigiwa, lakini nilitaka uisikie kwangu pia.

Sasa ile maneno ingine. Jana tumeenda kumwambia vile mlisema. Tulikuwa watu kumi hivi, Wairimu na wamama wake na leso zao, na Mzee Alfred wa kanisa ndiye wa kusema. Mimi nilitoka shifti nikakutana nao pale chini, tukapanda ngazi kama watu wanaenda kuiba. Nikafungua mlango.

Avelina, sebule ilikuwa tupu. Kochi amesukuma ukutani, meza imeenda jikoni, televisheni amegeuza. Katikati ametandika mikeka na shuka. Humphrey ameketi chini kwa kona, kichwa kati ya magoti. Ikupa yuko hapo kwa mkeka, kitambaa cheusi kichwani, mtoto kwa paja. Akasema, "Karibuni. Vueni viatu mkae. Nimewangoja sana."

Tukavua viatu. Mzee Alfred akaanza, "Binti yetu, Mungu hutoa..." Akamwambia, "Mzee, pumzika tu. Peris naye apumzike, amechoka." Kisha akaniangalia mimi, na ndiyo akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, na kazi yangu ni hospitali. Tulilia wote. Mtoto alilala tu.

Ulikuwa umeniuliza kama anajua. Sikukujibu sababu sikutaka kujua jibu.

Peris


Inver Grove Heights
27 Februari 2005

Dada Avelina,

Shikamoo. Usilie kabla hujamaliza kusoma, wino wangu hafifu.

Nilijua Desemba. Barua nzima Mama hakunisema hata mara moja. Humphrey kawa mume mwema. Hakuna goti, na ilikuwa mvua. Halafu jina akaniachia mimi, Mama aliyewahi kwenda kwa jirani kumbadilishia mbwa jina. Nilikaa kitandani nikaisoma kama ninavyosoma madaftari ya Rusk, nikamwona yule mpwa. Dada, ulinipa mama mpole. Sikuwahi kuwa naye.

Utauliza mbona sikusema. Niliogopa kilekile mlichoogopa. Nilijiambia nisipolitamka, huyu mtoto hatalisikia. Nikawa nalia bafuni maji yakitiririka ili Peris asijue kwamba najua anachonificha. Tena, nilitaka barua nyingine ije. Ningeipokea hata ya uongo.

Lakini nina hasira, na nakuambia wewe kwa sababu kaka atanijibu kwa mistari ya Biblia. Nimetazama kalenda. Ijumaa mliyomshusha Mama kaburini nilikuwa Cedar-Riverside, kwenye duka la Wasomali, nachagua iliki, nacheka na muuzaji. Nilimnunulia Mama na kitenge cha Krismasi. Bado kiko kabatini, kimekunjwa. Rusk alitaka tumbaku yake, ninyi mlitaka mwanangu awe hai. Siwafananishi, Mungu anisamehe. Ila mimi na Phibby tumenyang'anywa kitu kilekile, na wote wawili tulikuwa tunawachagulia mama zetu zawadi. Mwanangu yuko hai, analia hapa pembeni. Sijui kama ni kwa sababu yenu au la, na sitajua kamwe, kwa hiyo nawashukuru na nimekasirika, yote mawili.

Nina ombi moja. Kaka ameshaniandikia kwamba Mama "alilala kwa amani katika Bwana." Sitaki hiyo. Niandikie siku zake za mwisho kama yule mzee mbaya alivyoandika za kwake: hali ya hewa, kala nini, nani kaja, nini kinauma. Nilimchukia Rusk kwa mistari ile mikavu. Lakini leo mama yake Phibby najua alikuwa na boga na siku gani alikufa, na wangu sijui hata kama kulikuwa na jua.

Usipambe. Usiruke.

Mtoto bado hana jina. Watu wa hospitali wameandika "msichana" tu.

Mdogo wako,
Ikupa


Kyimo, Tukuyu
20 Machi 2005

Ikupa,

Marahaba. Naandika kama ulivyoomba. Nimefuta nilichopamba, ndiyo maana karatasi ni chafu.

Jumapili, 17 Oktoba. Ukungu asubuhi, jua mchana. Mama hakwenda kanisani, alisema kifua kinambana. Alikula ndizi kidogo na maziwa ya mgando. Mama Jotham alikuja kumsalimu, Mama akamwambia gauni lake linambana. Goti linauma.

Jumatatu. Mvua kutwa. Nilimpeleka zahanati kwa gari la mwalimu mkuu. Walimpa vidonge, akasema ni chaki. Walitaka tumpeleke Mbeya kesho yake, akakataa, akasema Mbeya kuna vumbi. Nilimbembeleza, kaka alimbembeleza kwa simu, akarudisha simu akisema anasikia mbu. Hakula usiku. Alikunywa chai.

Jumanne. Mvua, ikakatika mchana. Alikaa barazani akiwa amejifunika blanketi. Alisema jina la mtoto. Maneno yake: "Yule nilimwita Ikupa, Mungu anatoa. Huyu ni Atupele, ametupa. Wa kike au wa kiume, ni huyohuyo. Mwambie ni mimi niliyesema, asije akadhani ni wewe." Sikukuandikia Desemba kwa sababu ya hilo neno lake la mwisho. Nilijaribu. Nilikuwa nimeshika kalamu kwa kinywa chake naye hayupo, ikanishinda, nikaandika mwiteni mtakavyopenda. Jioni alikula uji nusu kikombe. Alikusema kwa kuolewa na dereva. Goti linauma, nikalikanda.

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, inateremka kutoka Rungwe. Hakula. Pumzi fupi. Kaka alikuwa njiani kutoka Dar. Mchungaji alikuja, akasali, akaondoka kutafuta gari la kumpeleka Mbeya. Mama alisema nimsomee barua yako ya Septemba. Nikamwambia tumeshaisoma. Akasema, "Soma, polepole." Nikasoma. Jupiter, bata, jino la Mzungu, akatabasamu pale pa jino. Nilipofika unapouliza goti, akasema, "Mwambie linauma." Nikaweka barua chini, nikaleta maji ya moto, nikaanza kulikanda, la kushoto. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Maji yalikuwa bado ya moto, nikaendelea kukanda mpaka yakapoa.

Alhamisi. Mvua.

Ijumaa. Mvua ilikatika asubuhi, kukawa na jua. Tumemzika karibu na Baba. Mimi sikula.

Sikuruka kitu.

Avelina